Vyeti 58 vya mtandaoni, na jokofu bado linasoma nyuzi 9

BARUA

Ndugu washauri, habari za kazi.

Mimi ni afisa mafunzo katika kampuni yenye hoteli tatu: moja Arusha mjini, moja Karatu na ya tatu Bagamoyo. Tuna wafanyakazi 140. Mwaka huu uongozi uliamua mafunzo ya usalama wa chakula yahamie mtandaoni, kwa sababu gharama za kumzungusha mkufunzi kati ya Karatu na Bagamoyo zilikuwa zinatuelemea. Tukaweka Moodle, mfumo wa kufundishia mtandaoni, kwenye seva ya kukodi na kupakia masomo tisa. Manane ni video za dakika 45 kila moja, mkufunzi wetu akifundisha ukumbini, na kitini cha PDF. La tisa, la kuzima moto, tulilinunua likiwa tayari kama kifurushi cha SCORM, muundo wa somo linalopakiwa zima kwenye mifumo kama Moodle. Kila somo linafuatwa na maswali kumi ya kweli au si kweli, na anayemaliza yote anapewa cheti.

Miezi miwili imepita. Waliomaliza ni 58, na karibu wote wamepata alama 90 kwenda juu. Lakini kwenye ukaguzi wa wiki iliyopita, saa 8 mchana, jokofu la nyama katika jiko mojawapo lilikuwa na nyuzi 9, ilhali daftari limejazwa 4, 4, 4 kwa wiki nzima, kwa mwandiko na kalamu ile ile. Nilipofungua kumbukumbu za mfumo nikakuta mmoja wa waliopata 100 alipita masomo yote tisa kwa dakika 11.

Ambao hawajamaliza wanalalamikia bando. Wengine wanasema somo la moto wakilikatisha, kesho yake linaanza upya. Wasaidizi wa jikoni na wahudumu wa vyumba wengi hawana barua pepe, kwa hiyo akaunti zao tulizifungua kwa barua pepe moja ya ofisi. Sasa meneja mkuu anasema hawa watu ni wavivu, na asiyemaliza ndani ya wiki nne akatwe mshahara. Nimwambie nini, na nianzie wapi?

Afisa mafunzo, Arusha

JIBU

Ndugu afisa mafunzo,

Tuanze na meneja, maana uamuzi wake ukipita, mengine yote yatakuwa magumu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka masharti ya makato ya mshahara. Mwajiri hawezi kukata kwa sababu tu ameamua. Hata sheria ingeruhusu, fikiria matokeo yake. Mfumo wako unamruhusu mtu kumaliza kwa dakika 11. Ukimtishia mshahara, atamaliza kwa dakika 11. Mwisho wa mwezi utakuwa na vyeti 140 na nyama katika nyuzi 9. Mwonyeshe meneja ile rekodi ya dakika 11 kando ya picha ya daftari la jokofu. Hapo ataona mwenyewe kwamba anachotaka kukilazimisha hakipimi anachokitaka.

Kisha nenda kwenye jokofu lenyewe kabla hujagusa kompyuta. Tunasisitiza hili kwa sababu ndipo mafunzo mengi ya kazini yanapobebeshwa mzigo usio wao. Bana karatasi kwenye mlango wa jokofu, ufunge, uivute: ikitoka bila kukwama, mpira wa mlango umechoka. Angalia koili za nyuma au za chini kama zimevaa vumbi na mafuta ya jikoni. Angalia kama mzigo umebanwa hadi ukutani ukaziba njia ya hewa, na kama kuna mtu anaingiza sufuria la supu likiwa bado linatoa mvuke. Yawezekana pia kipimajoto kimekufa betri tangu mwezi wa tatu. Kati ya hayo, ni mawili tu yanayoweza kurekebishwa na kozi. Mpira wa mlango unarekebishwa na fundi.

Uliza pia jambo moja bila kumtafuta mkosaji: mpishi akiandika 9, nini kinampata? Kama jibu ni kugombezwa, basi anajua vizuri kwamba jokofu linatakiwa kuwa chini ya nyuzi 5, na anaandika 4 kwa sababu hiyo hiyo. Huyo hakosi maarifa. Anahitaji kujua kwamba akiandika 9 saa 8 mchana, msimamizi atakuja, nyama itahamishwa au kutupwa, fundi ataitwa, na yeye hatalaumiwa. Uongozi utangaze utaratibu huo kwa maandishi kabla somo halijafunguliwa upya.

Sasa mtandaoni. Sababu ya kwanza ya watu 82 kutomaliza ni muda. Video nane za dakika 45 ni saa sita kamili, mbali na PDF, na umeziacha zifanywe nyumbani baada ya zamu ya saa nane au tisa. Omba dakika 20 kwa wiki ndani ya saa za kazi, zikiwa zimeandikwa kwenye ratiba ya zamu kama kazi nyingine. Jikoni, wakati mzuri huwa kati ya saa 9 na saa 10 alasiri, chakula cha mchana kikiwa kimeondolewa na cha jioni hakijaanza. Wahudumu wa vyumba wana utulivu wao baada ya wageni wapya kupokelewa. Usipopata dakika hizo 20, tunakushauri upunguze masomo hadi matatu kuliko kuyaacha tisa yakiwa ya nyumbani.

Bando ni hesabu rahisi. Video ya ukumbini iliyorekodiwa kwa picha kubwa huwa na kasi ya kama kilobiti 2,500 kwa sekunde, ambayo ni karibu megabaiti 19 kwa dakika. Dakika 45 zinafikia megabaiti 840, na masomo manane yanakaribia gigabaiti 7. Unamwomba msaidizi wa jikoni alipe hizo kutoka mfukoni mwake ili ajifunze kazi yako.

Usizibane video hizo kama zilivyo. Kwanza zikate. Katika dakika 45 za ukumbini, salamu, maswali ya watu wa nyuma na kusubiri projekta vinachukua sehemu kubwa. Toa vipande vya dakika nne hadi sita, kila kimoja jambo moja: kupokea nyama mlangoni, kutenganisha vibao vya kukatia, kupoza supu, kupasha upya. Kisha vipitishe kwenye HandBrake, programu ya bure inayofanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida. Weka ukubwa wa picha 640 kwa 360, fremu 15 kwa sekunde kama ni slaidi (acha 25 kama mikono inaonyeshwa ikifanya kazi), RF (kipimo cha ubora wa picha ndani ya HandBrake) kati ya 26 na 28, na sauti ya chaneli moja ya kilobiti 64. Kumbuka kwamba kwenye RF namba ikipanda faili linapungua. Wengi hukosea hapo, wakaweka 18 wakidhani wanabana. Lenga megabaiti 3 kwa dakika au chini ya hapo, na usimpe mtu kipande kinachozidi megabaiti 20. Mahali ambapo picha ni uso wa mkufunzi tu, itoe kabisa: dakika tano za sauti kwa kilobiti 64 ni megabaiti 2.4, na mtu anaweza kusikiliza akiwa kwenye daladala.

Vipande hivyo vipakie ndani ya kozi kama mafaili. Ukibandika kiungo cha YouTube, programu ya Moodle ya kwenye simu haiwezi kukipakua, na mtu atarudi kwenye bando lake kila anapokifungua. Vikiwa mafaili, mfanyakazi anavipakua mara moja kwa Wi-Fi ya hoteli na kuvitazama popote bila mtandao. Soma kwanza mipaka ya mpango wa bure wa programu hiyo, hasa idadi ya kozi anazoweza kupakua mtu mmoja. Ni sababu nzuri ya kuweka masomo yote ya chakula ndani ya kozi moja yenye sehemu, badala ya kozi tisa. Maswali yenyewe ni maandishi matupu, hayali data, yafanyike wakiwa wameunganishwa. Ukilazimika kuruhusu maswali nje ya mtandao, usiyawekee kikomo cha dakika, maana hayo mawili hayaendi pamoja, na waeleze watu wasianze kwenye simu kisha wakaendelea kwenye kompyuta kabla majibu hayajatumwa, kwa kuwa ya kwenye simu yanaweza kupotea.

Somo la moto linaloanza upya lina ugonjwa unaojulikana. Kifurushi cha SCORM 1.2 kina nafasi ya herufi 4,096 tu ya kuhifadhi pale mtu alipofikia. Somo refu lenye slaidi nyingi na vibofyo vingi huijaza nafasi hiyo katikati, na kuanzia hapo halihifadhi tena chochote. Mwombe aliyekuuzia akugawie vifurushi vitatu au vinne vifupi. Sababu nyingine ni mtu kufunga dirisha bila kubonyeza kitufe cha kutoka ndani ya somo, hivyo mfumo haupati taarifa ya mwisho. Kama waliomaliza wanaendelea kuonekana hawajamaliza hata baada ya siku, angalia kazi ya nyuma ya seva inayoitwa cron: inatakiwa ijiendeshe kila dakika, na kwenye seva za kukodi mara nyingi imewekwa kila saa, au haijawekwa kabisa.

Barua pepe moja kwa watu wengi ondoa wiki hii. Mtu yeyote anayefungua sanduku hilo la ofisi anaweza kuomba nywila mpya ya mwenzake na kuingia kwa jina lake, na cheti kinakuwa hakina maana. Tumia namba ya ajira kama jina la kuingilia. Andaa orodha kwenye lahajedwali (kama Excel) yenye safu za username, firstname, lastname, email na cohort1, yaani kundi la mfanyakazi (hizi ziandike hivyo hivyo, Moodle inazisoma kwa Kiingereza), uihifadhi kama CSV, uipakie mara moja. Asiye na barua pepe mpe anwani yake ya pekee kwenye kikoa cha kampuni, hata kama haisomi, na upya wa nywila ufanywe na wewe au msimamizi aliyeidhinishwa. Jihadhari na sifuri ya mwanzo: lahajedwali huzila sifuri hizo, 00417 ikawa 417 na 0712 ikawa 712. Igeuze safu kuwa maandishi kabla ya kuandika chochote ndani yake. Kwenye tableti za pamoja, kila mtu atoke kabla ya kuikabidhi. Asipotoka, anayefuata atafanya jaribio kwa jina la aliyetangulia, na hamtajua kwa miezi.

Sasa maswali, ambako ndiko kuna kazi kubwa. Swali kama “Chakula kihifadhiwe katika joto sahihi: kweli au si kweli” analijibu hata mtu ambaye hajawahi kuona jiko la hoteli, na asiyejua ana nusu ya nafasi ya kupata. Tena maswali kumi yale yale kwa watu 140 huwa tayari kwenye kikundi cha WhatsApp ifikapo jioni ya kwanza. Andika swali kutoka kwenye zamu:

“Saa 1 asubuhi jokofu la nyama lilisoma nyuzi 4. Sasa ni saa 8 mchana, linasoma 9. Unaanza na lipi? (a) Unaandika 4, maana ndiyo ya asubuhi. (b) Unaandika 9 na kumwita msimamizi sasa hivi. (c) Unashusha kidhibiti joto na kupima tena mwisho wa zamu. (d) Unatoa nyama yote kaunta ili jokofu lipumue.”

Kila jibu baya hapo ni kosa ambalo mtu hulifanya kweli, na chini ya kila moja unaandika sentensi mbili za kwa nini halifai. Kwa (c), kwa mfano: mpaka zamu iishe nyama itakuwa imekaa saa nyingi juu ya nyuzi 5, na hujui ilipanda lini. Msingi wa namba uchukue kwenye miongozo mitano ya chakula salama ya Shirika la Afya Duniani: baridi chini ya nyuzi 5, moto juu ya 60, kiini cha chakula kinachopikwa kifike 70, na kilichopikwa kisikae kwenye joto la chumba zaidi ya saa mbili.

Kwa kila jambo andika maswali manne au matano yanayofanana uzito lakini yenye hali tofauti: jokofu, trei ya bufee yenye nyuzi 52, kuku aliyefika mlangoni na barafu iliyoyeyuka. Yaweke kwenye benki ya maswali, kila jambo kwenye kundi lake, na uamuru jaribio lichukue moja bila mpangilio kutoka kila kundi, majibu yakichanganywa. Mambo kumi kwa maswali matano ni maswali 50. Ni kazi ya siku tatu kwako na mpishi mkuu, na ndizo siku tatu zenye faida kuliko zote katika mpango huu. Weka alama ya kufaulu 8 kati ya 10. Ukamilishaji wa somo utegemee kufaulu, usitegemee kufungua ukurasa. Hapo ndipo alipopitia mtu wa dakika 11. Ruhusu kurudia mara nyingi, kukiwa na saa 24 kati ya jaribio na jaribio, na ufiche majibu sahihi mpaka dirisha la jaribio lifungwe. Maelezo ya kosa yaonekane papo hapo.

Usimwache mtu baada ya kufaulu. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilinganisha wanafunzi waliosoma maandishi na kuyasoma tena na wale waliosoma kisha wakajipima kwa kuyakumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Kwa hiyo maswali matatu mafupi siku ya tatu, matatu baada ya wiki mbili na matatu baada ya wiki sita yatakupa zaidi ya saa moja nyingine ya video.

Sehemu ya mwisho ya cheti iwe jikoni, mbele ya msimamizi, na Moodle isitoe cheti mpaka msimamizi aweke tiki. Mfanyakazi apime jokofu na kuandika anachokiona; apime kiini cha paja la kuku karibu na mfupa bila kuugusa; aoshe kipimajoto kati ya nyama mbichi na iliyoiva; na akihakiki kipimajoto. Kuhakiki ni hivi: jaza kikombe barafu iliyopondwa, mimina maji safi mpaka yajaze nafasi kati ya vipande, koroga, zamisha ncha katikati bila kugusa kingo wala kitako, subiri namba itulie. Isome 0, ikipotoka zaidi ya nyuzi 1, kirekebishwe au kiondolewe. Tumia barafu na uache maji ya kuchemka, kwa sababu moja inayohusu hoteli zako hasa: Bagamoyo maji yanachemka karibu na nyuzi 100, lakini Arusha, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,400, yanachemka karibu na 95, na Karatu ni hivyo hivyo. Somo moja lililoandikwa kwa ajili ya pwani lingewafanya wapishi wa huko juu watupe vipimajoto vizima.

Matokeo ya mtu mmoja mmoja usiyabandike ubaoni wala kwenye kikundi cha WhatsApp. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu waajiri pia, na mfanyakazi aliyeaibishwa atatafuta majibu kwa jirani mara nyingine. Kwa meneja peleka takwimu za jiko zima.

Kuhusu wiki zako nne: ya kwanza, fundi wa jokofu, akaunti mpya na barua ya meneja kuhusu kuandika namba ya kweli. Ya pili, kata video za masomo mawili tu, baridi na kupasha upya, na uandike maswali yake. Ya tatu, jiko moja lenye watu wasiozidi 15 wajaribu, wewe ukiwa umekaa nao alasiri moja bila kuwasaidia, ukiandika kila wanapokwama. Waache wale ambao simu zao ni za zamani waanze. Ya nne, rekebisha, kisha pita jikoni saa 8 mchana bila taarifa, na kipimajoto chako mwenyewe, usome jokofu na daftari kwa pamoja. Tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo ripoti ya kumpelekea meneja.